Kati ya Kitabu na Mkono: Mwanamke wa Kiislamu, Ndoa na Mirathi katika Historia ya Mwambao

Mwezi Oktoba mwaka 1856 Seyyid Said bin Sultan alifariki dunia akiwa baharini, njiani kutoka Omani kurudi Unguja. Miongoni mwa warithi wake alikuwamo binti aitwaye Salme, mwenye umri wa takribani miaka 12. Mali ya marehemu iligawanywa kwa kanuni inayofahamika: mtoto wa kiume sehemu mbili, mtoto wa kike sehemu moja. Salme akahesabiwa kuwa mtu mzima, akakabidhiwa fedha pamoja na shamba lenye nyumba yake. Miaka mitatu baadaye mama yake naye alifariki kwa kipindupindu, na binti akarithi mashamba mengine. Mali hiyo ilikuwa yake. Haikuwa ya kaka zake, wala isingekuwa ya mume ambaye angemwoa baadaye.

Msomaji aliyezoea kusikia kwamba sheria ya Kiislamu ilimnyima mwanamke kila kitu na atue hapa kidogo. Katika mwaka huohuo wa 1856, mwanamke wa Uingereza aliyeolewa hakuwa na uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake chini ya kanuni za kawaida za nchi yake. Fedha na vyombo vyake viliingia mikononi mwa mume siku ya harusi. Hali hiyo ilibadilishwa kwa ukamilifu na sheria ya mwaka 1882. Kwa hiyo maafisa wa Kiingereza waliokuja baadaye kuwahurumia wanawake wa mwambao walikuwa, kwa sehemu kubwa, wana wa akina mama ambao hawakuweza kumiliki hata kijiko.

Lakini kisa cha Salme hakiishii kwenye urithi wa utotoni, na ndiyo maana nimekichagua. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akabatizwa Aden mwaka uliofuata, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kujulikana kama Emily Ruete. Mumewe alifariki mapema, naye akabaki Ujerumani na watoto wadogo na fedha haba. Aliporudi Unguja mwaka 1885, akiwa katika msafara wa manowari za Kijerumani, alidai mafungu yake katika mirathi ya ndugu waliofariki baada yake kuondoka. Kaka yake, Sultani Barghash, alikataa, na kitabu kilikuwa upande wake: tofauti ya dini huzuia kurithiana. Bismarck alimtumia kama karata ya kumshinikiza Barghash, na karata ilipokwisha kazi ikatupwa. Salme alirudi tena mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu.

Hapa pana pande zote mbili za jambo ninalotaka kulieleza. Mijadala yetu kuhusu mwanamke na sheria ya Kiislamu hutawaliwa na makundi mawili yanayopigana juu ya kitabu. La kwanza husema kitabu kinamkandamiza. La pili husema kitabu kilimpa haki zote karne kumi na nne zilizopita, basi mjadala ufungwe. Yote mawili hayana subira na historia. Mtu akifuatilia jinsi haki zilivyotembea katika mwambao wa Afrika Mashariki, ataona kwamba mara nyingi mwanamke hakupotezea haki yake katika kitabu. Aliipotezea njiani: kwenye ushahidi, kwenye karatasi, kwenye kikao cha ukoo, na mbele ya majaji wa kigeni waliodhani wanaijua sheria hiyo kuliko wenyewe.

Tuanze na talaka. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, yanampa mume uwezo wa kutamka talaka bila kwenda kwa kadhi. Mke anazo njia mbili kuu. Anaweza kumwomba kadhi aifute ndoa kwa sababu zinazokubalika, mathalani mume kushindwa kutoa nafaka. Hiyo huitwa fasikhi. Anaweza pia kujikomboa kwa kurudisha mahari au kutoa fidia, yaani khului, ambayo watu wa mitaani huiita kwa ukweli mchungu: kununua talaka. Usawa haupo hapa, na sioni faida ya kuupamba. Mmoja anatamka, mwingine anathibitisha au analipa.

Hata hivyo, mahakama za kadhi hazikuwa uwanja wa wanaume. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch, aliyefanya utafiti katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya na kuchapisha kitabu mwaka 1998, alionesha kwamba wengi wa waliofungua madai pale walikuwa wanawake, na kwamba aghalabu walishinda. Walikuja kudai nafaka, mahari ambayo haikulipwa, au kuomba ndoa ifutwe. Mila ilimtaka mke avumilie na afiche siri ya nyumba. Mahakama ikampa mahali pa kusema bila kuonekana mvunja heshima. Ni jambo la kutafakari kwa wanaharakati wanaoitazama mahakama ya kadhi kama adui wa kwanza. Mwanamke wa Malindi au Mombasa hakuiona hivyo. Aliona mlango ulio karibu, wenye lugha yake na gharama anayoimudu.

Wapo wanawake ambao mlango huo haukuwafaa hata kidogo, na historia ya mwambao haina ukamilifu bila wao. Nawazungumzia masuria. Suria hakuwa mke. Akimzalia bwana wake mtoto, mtoto huyo alikuwa huru na mrithi kamili, sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Salme mwenyewe alizaliwa na suria wa Kicherkesi. Mama alipata uhuru bwana alipokufa, lakini hakuwa na fungu la mke katika mirathi, kwa kuwa hakuwa mke. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Waingereza hawakutaka kugusa kile walichokiita nyumba ya Mwarabu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1909. Miaka 12 hiyo ni ushahidi wa jinsi serikali ya kikoloni ilivyopima haki ya mwanamke: mkulima wa karafuu aliweza kuachiwa, ila mwanamke aliyelala ndani ya nyumba ya bwana angoje.

Katika mirathi, watu hukimbilia ubishi wa nusu, yaani binti kupata nusu ya fungu la kaka yake. Ubishi huo una mantiki yake kwa pande zote. Wanaotetea kanuni husema kaka ndiye anayebeba nafaka ya wanawake wa ukoo. Wanaoipinga huuliza ni kaka wangapi leo wanaobeba mzigo huo. Binafsi naona mahali penye maumivu makubwa zaidi ni pengine. Chukua mtu aliyefariki akaacha mjane, binti mmoja na kaka yake. Gawanya mali katika sehemu 24. Mjane anapata 3, ambazo ni thumni. Binti anapata 12, ambazo ni nusu. Zinabaki 9, na hizo ni za kaka wa marehemu kwa kuwa ni asaba. Kama mali yenyewe ni nyumba moja, ami anaingia na sehemu 9 katika nyumba wanayolala mama na mtoto. Ami anataka fedha taslimu. Nyumba inauzwa.

Wazazi wa mwambao walilijua tatizo hili, na sheria hiyohiyo iliwapa dawa mbili. Ya kwanza ni hiba, yaani kutoa mali ungali hai na kuikabidhi. Ya pili ni wakfu wa familia: mtu anaifunga nyumba isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake anawawekea binti zake na vizazi vyao, mwisho wake ukiwa kwa masikini au msikiti. Kwa wakfu, baba asiye na mtoto wa kiume aliweza kuwaweka binti zake ndani ya nyumba bila kuivunja kanuni ya mafungu.

Dawa hiyo ya pili ilivunjwa London. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, liliamua katika kesi iliyotoka Bengal kwamba wakfu unaonufaisha familia kwa vizazi, huku fungu la masikini likiwa la mbali mno, ni batili. Wanazuoni wa Kiislamu wa India walipinga kwa nguvu, na mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuurejesha wakfu huo nchini India. Lakini sheria ya 1913 haikuvuka bahari. Uamuzi wa 1894 ulivuka. Mahakama za Afrika Mashariki ziliutumia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza la Faragha likaushikilia tena katika kesi iliyotoka Kenya, ingawa jambo hilo lilikwenda kinyume na fiqhi ya Kishafii iliyofuatwa na wahusika. Kenya ilitunga sheria ya kamisheni ya wakfu mwaka 1951 na kuliziba pengo. Kwa zaidi ya nusu karne, hata hivyo, majaji wasiosoma Kiarabu waliwaeleza Waislamu wa mwambao kwamba hawaijui sheria yao. Tunaposema ukoloni ulileta haki za wanawake, jambo hili nalo liwekwe kwenye mizani.

Uhuru ulipokuja, nchi mbili jirani zilichukua njia tofauti, na cha kushangaza ni kwamba zilianzia kwenye karatasi ileile. Kenya iliunda tume chini ya Jaji Spry kuchunguza sheria za ndoa na talaka, ikatoa ripoti mwaka 1968 pamoja na muswada wa sheria moja kwa wote. Bunge la Kenya likaukataa muswada huo zaidi ya mara moja. Tanzania iliichukua kazi hiyo, ikatoa Waraka wa Serikali mwaka 1969 uliozua mjadala mkali, na hatimaye ikapitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mawazo yalitungwa Nairobi, yakawa sheria Dar es Salaam.

Kenya ilibaki na mahakama za kadhi, ambazo zililindwa kikatiba tangu makubaliano ya ukanda wa pwani ya mwaka 1963. Sheria ya mirathi ya Kenya ilipoanza kutumika mwaka 1981 iliwagusa watu wote na kuwapa watoto wa kiume na wa kike haki sawa. Waislamu walilalamika, na mwaka 1990 sheria ikarekebishwa kuwaondoa. Katiba ya mwaka 2010 ikazithibitisha mahakama za kadhi katika ibara ya 170, kwa sharti kwamba wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kwenda huko, na ibara ya 24 ikaruhusu kanuni ya usawa ipunguzwe kwa kiasi kinachohitajika tu ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya kadhi. Sharti la kukubali lina uzito mkubwa. Linampa mwanamke, kwa maandishi, haki ya kuchagua mlango. Kama anaweza kuchagua mbele ya wajomba na ami zake ni suala jingine.

Tanzania Bara ilikwenda upande wa pili. (Zanzibar nayo iko peke yake: Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko, na kadhi yupo.) Mahakama za kadhi na liwali za enzi ya ukoloni zilimezwa katika mfumo mmoja wa mahakama baada ya Uhuru. Sheria ya 1971 haikuifuta ndoa ya Kiislamu. Iliitambua na kuichukulia kuwa ya wake wengi mpaka ithibitike vinginevyo. Talaka ndiyo iliyobadilishwa, na hapa naomba watumishi wa umma wasome polepole. Kwa mujibu wa kifungu cha 107(3), ndoa iliyofungwa Kiislamu ikishindikana kusuluhishwa na Baraza, na Baraza likathibitisha hivyo, kisha mmoja wa wanandoa akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, mahakama itatoa amri ya talaka. Maana yake ni kwamba talaka ya mume haikupuuzwa. Iligeuzwa kuwa ushahidi. Kinachovunja ndoa mbele ya dola ni amri ya mahakama.

Sasa tazama mtego. Mume anaandika talaka kwenye karatasi. Mke anakaa eda, inakwisha. Kwa dini yake, yeye si mke tena, na mtaa mzima unajua. Labda amepita hata Baraza la BAKWATA na kupewa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, akaihifadhi kwa uangalifu akidhani ndiyo mwisho wa safari. Lakini mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa pamoja, chini ya kifungu cha 114, huanza mahakama inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya kuitoa. Bila amri hiyo hakuna mgawanyo. Mwanamke ameachwa kwa kitabu kimoja, na kwa kitabu cha pili bado hajaachwa, na nyumba imebaki kwa mume.

Wanaofika mahakamani wanadaiwa kuonesha mchango wao. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama kuzingatia mila za jamii ya wahusika na kiasi cha mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi? Kwa zaidi ya miaka kumi majaji walitofautiana. Jibu lilitolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa, ambayo kila mwanafunzi wa sheria hapa nchini huisoma. Wahusika walioana Kiislamu mwaka 1971, wakaachana mwaka 1980. Mahakama ya Mwanzo ilimwona kama mke tu, asiye na chake katika nyumba iliyonunuliwa kwa fedha za mume. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kazi za nyumbani ni mchango. Kanuni ilishinda, ila Bi Hawa alishindwa: mahakama iliona kwamba mumewe alimpa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitapanya, kwa hiyo hakuwa na fungu lililobaki. Mara nyingi wanafunzi wangu hukumbuka nusu ya kwanza pekee.

Wapo waliosema, na wangalipo wanaosema, kwamba uamuzi ule ni wa kizungu, kwa kuwa katika Uislamu mali ya mume ni ya mume na ya mke ni ya mke. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini haisemi kile wanachotaka iseme. Kwa kauli mashuhuri ya fiqhi ya Kishafii, kupika na kufagia si wajibu wa kisheria wa mke. Mke aliyezoea kuhudumiwa kwao anastahili hata mtumishi kwa gharama ya mume. Kama si wajibu, basi kazi ya miaka ishirini jikoni ni nini? Ama ni hisani, na hisani haidhaniwi tu bila kuulizwa, ama ni kitu chenye thamani kilichoingia katika ujenzi wa nyumba. Wamalay, ambao ni Mashafii kama watu wa mwambao, hugawa mali iliyochumwa pamoja, na mahakama zao za sharia huutambua mgawanyo huo bila mtu kutangaza kwamba wametoka katika dini. Kwetu wanaume huipenda fiqhi inapotaja thumni, na huisahau inapomtaja mtumishi.

Lipo jambo jingine ambalo halijapata mjadala wa kutosha. Kifungu cha 114 kinazungumzia talaka na kutengana, kifo hakikutajwa. Hivyo mke aliyeachwa, akithibitisha mchango wake, anaweza kupata sehemu kubwa ya nyumba. Mke aliyevumilia hadi mume akafariki anapewa thumni kama kuna watoto, na kama wake walikuwa wanne, thumni hiyo inagawanywa mara nne, yaani moja ya thelathini na mbili kwa kila mmoja. Aliyeachika anapata zaidi ya aliyevumilia. Sidhani kama kuna mtunga sheria aliyekusudia hivyo, wala mwanazuoni.

Fiqhi yenyewe ina jibu. Mirathi haianzi na mafungu. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo yafuate mafungu. Kinachogawanywa ni mali ya marehemu tu, si ya mtu mwingine iliyochanganyika nayo. Kama mjane aliweka fedha zake za vitumbua katika matofali, matofali hayo si ya marehemu. Na mahari iliyotajwa siku ya nikaha lakini haikulipwa ni deni, hata kama imepita miaka arobaini. Linatangulia fungu la kaka, la ami na la watoto.

Mahakama ya Mwanzo humteua msimamizi wa mirathi, na kwa mazoea huuliza kwanza muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao hukaa upande wa marehemu, na mara nyingi mjane huketi pembeni akiwa eda. Msimamizi akishateuliwa hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Hakimu anayeipokea orodha hiyo hahitaji sheria mpya wala ruhusa ya mtu yeyote ili amuulize msimamizi maswali mawili: mahari ya huyu mama ilikuwa kiasi gani na imelipwa lini, na katika mali hii iliyoandikwa kwa jina la marehemu, ipi ilinunuliwa au kujengwa kwa fedha na kazi ya mjane? Majibu yaandikwe kwenye orodha hiyohiyo, kabla thumni haijahesabiwa.